Mabomba ya Tope Yaliyokuwa Stoo

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini bila kukuamkia mkono hauandiki.

Yule mtafiti wako wa chuo kikuu alikuja juzi hapa Mungaa, akitaka yale mabomba yenye tope mlilochimba pamoja chini ya Ziwa Kindai. Ya kwake yaliharibika maabara, yalibaki yako tu. Nikampeleka stoo. Tupu. Ikabidi nimwonyeshe ukuta wa sebuleni.

Siku uliyofariki nilikuwa Singida mjini nahangaikia jeneza. Shangazi akapiga simu: "Mwanangu, nyumba ya kaka ina nyufa na watu wa msiba wanafika. Udongo wa kiangazi hiki ni jiwe tupu. Stoo kuna tope laini kwenye mabomba, tusiribie?" Nikasema, "Tumieni tu, Shangazi." Wakayapasua kwa panga, wakachanganya na mavi ya ng'ombe, wakasiriba.

Na ulikuwa umenieleza! Mara ngapi, Baba? Kwamba miti huacha kaboni nyepesi ndani ya tope, nyasi za nchi kavu huacha iliyo nzito kidogo, na ukipima tabaka kwa tabaka unajua lini mvua ilikuwa nyingi na lini ilikata, maelfu ya miaka kabla ya babu zetu. Mimi macho kwenye simu, naitikia "ndiyo, Baba". Nilikuona mzee anayetunza uchafu.

Mtafiti alisema tope likishavurugwa halisomeki tena. Hata pole ya msiba hakunipa. Nilimchukia, mpaka nikaona ninayemchukia hasa ni mimi.

Nawe una lako. Ungebandika hata karatasi: msiguse. Ulidhani kwa kuwa mimi ni mwanao nitakumbuka. Inaniuma kwamba ulidhani hivyo.

Shangazi hupita kila Jumapili akitoka kanisani. Anaupapasa ukuta, anasema, "Kaka yangu aliagwa kwenye nyumba nzuri." Anasema ndicho kitu pekee alichopata kukufanyia. Nami namkaribisha ndani, namtilia chai.

Pumzika, Baba. Mtafiti aliuliza nani aliyeyapasua, nikasema ni mimi. Na Shangazi akiniuliza siku moja yale mabomba yalikuwa ya nini, nakuahidi nitamjibu kwamba uliweka udongo wa kusiribia nyumba.

Mwanao.