Saini Mbili kwa Mguu wa Baba

Tbilisi, 9 Machi

Dada yangu Eteri,

Natumai bibi unayemtunza huko Bari amepunguza ukali. Mizabibu ya uani nimeipogoa, tena vibaya, maana akili yangu ilikuwa hospitalini kwa Baba.

Kidonda cha mguu wa Baba kilishinda kila dawa. Ijumaa, Baba akiwa anaweweseka kwa homa, Daktari Tsiala aliniita kando.

"Bakteria hawa wamezoea dawa zetu zote," alisema. "Kuna virusi wanaowala bakteria. Tumetoa kwao kimeng'enya kinachowapasua bakteria, ila kwa binadamu hatujakijaribu. Tieni saini ninyi watoto wote wawili, la sivyo kesho tunakata mguu."

Nilikupigia mara kumi na moja, hukupokea. Nikatia saini yangu, kisha nikaiga yako.

Kwa siku tatu sikuweza kukaa kitini. Leo homa imeshuka na usaha umekauka. Nilipomweleza Baba, alikodoa macho: "Yaani Manana, mmenifanya panya wa maabara?" Kisha akamgombeza muuguzi kwa supu isiyo na chumvi.

Angekufa, Eteri, ungekuwa umekubali jaribio lile bila kujua. Nami sina hakika kama ningekuambia habari ya saini yako.

Mdogo wako,
Manana