Theluthi Moja

Felgueiras, 9 Januari

Mdogo wangu Ivo,

Habari za huko Lisbon, na kifua chako? Sisi hatujambo, ila mvua imetushika wiki nzima na nepi hazikauki. Benedita ametimiza miezi mitatu, ameanza kucheka na ukuta. Mama anakusalimu, ni miguu tu inayomsumbua.

Naandika kwa sababu kwenye simu mtoto analia, na wewe unasema "nitakupigia, dada," halafu hupigi. Umeniomba niwe mtu ambaye hiyo shule ya uongozi wa biashara itampigia kuuliza habari zako. Nimekubali. Lakini Ivo, mimi niliishia darasa la tisa, watanielewa kweli? Najizoeza kusema "mheshimiwa" mbele ya kioo, na Vítor ananicheka. "Mwambie huyo mheshimiwa," anasema, "shemeji yangu alikojoa kitandani mpaka miaka saba."

Nitumie insha uliyowapelekea, nisije nikakupinga bila kujua. Tena nataka kumsomea mtoto ajue mjomba wake ni nani.

Dada yako,
Telma

Lisbon, 17 Januari

Shikamoo dada,

Kifua kimepona. Nambusu Benedita, na Mama aambiwe apunguze kusimama.

Insha hiyo, kurasa mbili. Usishangae inavyojisifu. Kuna mshauri, Bwana Queirós, ambaye kazi yake ni kuwaandaa wahitimu kuingia shule za namna hii. Insha yangu ya kwanza ilihusu mji wetu na viatu na marehemu baba. Aliirudisha imejaa wino mwekundu. "Kijana, hapa hatuombi huruma. Umeongoza nani, umebadilisha nini, kwa kiasi gani? Sentensi isiyo na namba, ifute." Akaniuliza nikihitimu nataka kuwa nani. Nikamwambia labda kuendesha kiwanda kidogo cha viatu huko kwetu. Akacheka sana. "Andika mshauri wa makampuni makubwa." Nikaandika.

Kwa hiyo nimetumia ile miezi miwili ya mafunzo ya kazi kwenye kiwanda cha viatu cha Albano, uliyonitafutia wewe mwenyewe kiangazi kilichopita. Wakikupigia, sema ulikuwepo na niliwasikiliza watu. Bila neno la mtu niliyefanya naye kazi, faili langu halisomwi.

Mdogo wako,
Ivo

Felgueiras, 22 Januari

Ivo,

Hujambo. Sisi wazima.

Juzi Zulmira wa kiwandani alikuja na mkate wa mahindi, bado wa moto. Nikamwambia kaa hapo nikusomee insha ya msomi wetu. Nikasoma kwa sauti, Benedita begani, kama padri. Nikafika pale ulipoandika: "Katika wiki sita nilipanga upya chumba cha kushonea, nikapunguza wafanyakazi kwa theluthi moja bila kupunguza idadi ya viatu." Mimi nikaendelea na sentensi inayofuata. Zulmira akaacha kutafuna.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Chumba gani cha kushonea?"

"Chetu kile, cha kwa Albano."

"Mle ndani tulikuwa wangapi, binti?"

"Watatu. Mimi, wewe na Mama Otília."

"Mimi bado nipo. Otília naye bado yupo, kwa bahati mbaya, na ile redio yake. Sasa hiyo theluthi ni nani?"

Ivo, nilihesabu kwa vidole. Mtu mzima na mtoto wangu begani, nahesabu watu watatu kwa vidole. Nikapata jibu nisilolitaka, nikahesabu tena.

Unakumbuka siku Albano aliponiita ofisini? Mwezi wa nane, tumbo langu la miezi minane. Alitazama kalenda ukutani, mimi hakunitazama, akasema oda za Ufaransa zimeanguka na mkataba wangu hautaendelea. Nikarudi nyumbani, nikakukuta mezani unakunywa supu. Nilikueleza nikilia. Ukainuka, ukanivutia kiti, ukasema, "Pole dada, biashara ndivyo ilivyo." Nami nikakushukuru. Nilikushukuru, Ivo, kwa kunivutia kiti.

Sijalia. Mikono tu ndiyo imekuwa baridi tangu juzi, hata mtoto anashtuka nikimshika. Zulmira aliondoka akauacha mkate mezani, na hakuna aliyeugusa.

Niambie nimekosea hesabu.

Dada yako,
Telma

Lisbon, 6 Februari

Dada,

Shikamoo. Naona haya kukuuliza hali.

Hukukosea.

Albano aliniambia anataka wawili wafanye kazi ya watatu, nimtengenezee orodha. Nikakaa na saa, nikaandika kila mmoja anashona jozi ngapi kwa saa. Wewe ulikuwa unainuka mara kwa mara kwenda msalani. Kwenye karatasi ukawa mstari wa tatu, wa mwisho. Sitasema sikujua ni wewe. Nilijua. Nilijiambia mkataba wako ungekwisha tu, na ungejifungua tu, kwa hiyo ni kama sijafanya kitu. Albano aliposema atakwambia mwenyewe, nilifurahi. Hilo ndilo baya kuliko yote, kwamba nilifurahi.

Kwa nini nilikutumia insha nzima? Sijui. Ningeweza kuikata ile sentensi, wewe usingejua kamwe. Niliiona, nikaifunga bahasha.

Shule imeshaipokea, haibadilishwi tena. Watakupigia mwezi huu. Ukikataa kuongea nao, safari yangu imeishia hapo. Siombi unisifu. Naomba tu wakiuliza kuhusu theluthi, useme hukumbuki vizuri. Ni neno moja, dada.

Ivo

Felgueiras, 27 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini unakula. Benedita ana jino linalomsumbua, ila analala. Mama sijamwambia kitu.

Nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu kila nilichoandika nilikitumia kuwashia jiko.

Walinipigia Jumanne, nikimlisha mtoto uji. Mama mmoja, sauti ya upole. Nilisahau kusema mheshimiwa.

Akauliza ulikuwaje na watu. Nikamwambia uliwajua wote kwa majina, na meza ya Mama Otília uliinyanyua kwa vipande vya mbao ili mgongo usimuume. "Hilo hakuliandika," akasema. Nikamjibu, "Labda kwa sababu halina namba." Akacheka kidogo.

Kisha akasema, "Hapa ameandika alipunguza wafanyakazi kwa theluthi moja. Unalijua hilo?"

Lile neno lako lilikuwa mdomoni, Ivo. Sikumbuki vizuri. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi tangu asubuhi nikikunja nguo. Nikafungua mdomo, likatoka lingine.

"Ni mimi."

"Samahani, sijakuelewa."

"Hiyo theluthi ni mimi. Mimi ni dada yake. Nilikuwa mjamzito wa miezi minane."

Akauliza, "Yeye ndiye aliyekwambia?"

"Nimesoma kwenye insha, kama wewe."

Akauliza kama ningekubali kufanya kazi chini yako tena. Nikasema, "Leo, hapana."

"Basi unatushauri tumkatae."

"Hapana, mama. Mchukueni. Huyu ataongoza watu tu, mkimchukua au mkimwacha. Afadhali ajifunze kwenu kuliko kuendelea kujifunzia kwetu."

Akaandika kitu, nilisikia kalamu. Akaniuliza jina la mtoto, akaaga.

Sijui kama nimekujenga au nimekubomoa. Tangu Jumanne nazunguka jikoni bila kujua natafuta nini. Nimekukasirikia mpaka meno yanauma, na bado kila mleta barua anapopita natamani alete habari kwamba umepata. Hilo linanishangaza mimi mwenyewe kuliko yote.

Dada yako,
Telma

Lisbon, 20 Machi

Shikamoo dada,

Mungu amsaidie Benedita na hilo jino. Mimi mzima, ila sijala vizuri tangu usaili.

Walikuwa watu watatu nyuma ya meza, na yule mama aliyekupigia akiwa katikati. Queirós alinifundisha majibu ya maswali arobaini. Yule mama alisoma sentensi yangu polepole, akauliza, "Theluthi moja ni watu wangapi?"

"Mmoja."

"Anaitwa nani?"

Katika yale arobaini hakuna hata moja lililotaka jina. Nikasema Telma. Kisha mmoja wao akaniuliza nikihitimu nataka kufanya nini. Nikasema sijui, na kwamba yale niliyoandika si yangu.

Barua imefika leo asubuhi. Wamenichukua. Naanza Septemba. Nimeisoma nimesimama kwenye ngazi, na hadi sasa siamini. Nilipomwambia Queirós amefurahi, akaniuliza niliwapa namba gani.

Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Nakuomba Mama na Vítor wasiwepo chumbani. Kuna maneno ya mwezi wa nane ambayo nilimwachia Albano ayaseme. Nataka uyasikie kwangu, nikikutazama wewe na si kalenda. Nikimaliza, kama utataka nirudi na basi la jioni, nitarudi.

Mdogo wako,
Ivo