Mama Ameshafunga Sanduku la Kwenda kwa Msabaha

Mama Winifrida mpendwa,

Naomba unisaidie, na ukishanisaidia unigombe ukitaka, maana nimefika pahala sina tena wa kumwambia. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Unguja, naishi Lewisham na mama yangu mzazi mwenye miaka sabini na sita, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, na mtoto nilijaaliwa mmoja tu, Msabaha, baba yake tuliachana yeye bado mdogo, na kwa kuwa mimi nilikuwa mtu wa shifti asubuhi na jioni, aliyemlea hasa ni bibi yake, ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyempeleka skuli, ndiye aliyemfundisha Alhamdu, na mpaka amekuwa mwanamume wa ndevu bibi hamwiti jina, humwita "mume wangu".

Msabaha alisomea sanaa hapa hapa Landani, kisha akahamia Uhispania, kwenye kijiji kiitwacho Pozoseco, kusini huko jangwani, zamani kulikuwa na mgodi, mgodi ukafungwa na watu wakahama, halafu wasanii wakaja kuzikalia zile nyumba tupu, huyu anachora, yule anafuma, na mwanangu akifinyanga vyungu. Mimi sikukipenda, nilimwambia umekwenda kuishi na mawe na vumbi, akanicheka. Januari mwaka huu pikipiki ilimtupa kwenye barabara ya huko, akafa papo hapo. Alikuwa na miaka ishirini na saba.

Siku nilipopigiwa simu, mama alikuwa amelazwa hospitali anangoja kupasuliwa moyo abadilishwe valvu, na dada yangu anayekaa Coventry akanambia, "Usithubutu kumwambia bi mkubwa, utamuua, ngoja apasuliwe kwanza." Na wewe unajua kwetu ndivyo tufanyavyo, habari ya msiba haipelekwi kwa mgonjwa wala kwa mtu aliye safarini. Basi nikamdanganya mama kuwa napelekwa kozi ya kazini Birmingham siku tatu, nikapanda ndege nikaenda kumzika mwanangu kwenye makaburi ya Waislamu ya mji wa karibu na huko, wakamsalia Wamoroko wasionijua wala kumjua, nikarudi, nikaingia wodini, mama akaniuliza kozi ilikuwaje. Nikamwambia nzuri.

Mama akapasuliwa, akapona, tukasema apate nguvu kwanza, ikaingia Ramadhani tukasema si vizuri kumpa msiba na yuko katika saumu, ikaja Idi, ikaja ya pili, kila siku ilikuwa na sababu yake, na sasa huu ni mwezi wa tisa.

Ningelikuwa nimenyamaza tu pengine nisingekuandikia. Marafiki wa Msabaha walinikabidhi simu yake, na mama alipotoka hospitali neno lake la kwanza lilikuwa, "Mbona mume wangu kimya?" Nikaingia chumbani, nikaiwasha simu ya marehemu, nikaandika: "Bibi pole, huku network mbaya, nakupenda." Mama aliposoma alilia kwa furaha. Tangu siku ile namwandikia kila wiki, Kiswahili kile kile cha mtoto wa Landani, nusu Kiingereza, makosa yake nayajua yote. Alipong'ang'ania kusikia sauti nikamtumia sauti ya Msabaha ya mwaka juzi, na mama huisikiliza kila asubuhi akishasali. Na la aibu kuliko yote ni kuwa mimi mwenyewe nazipenda zile dakika, nikishaandika "mimi mzima, bibi," wallahi kwa muda ule naona ni mzima kweli.

Mwezi uliopita mama akasema, "Nimeshapona, sasa nakwenda kumwona mume wangu." Ningeweza kusema lolote, Mama Winifrida, lolote. Badala yake, nikiwa ndani ya basi narudi kutoka kazini, nikatoa ile simu nikaandika, "Njoo bibi, nakungoja."

Tiketi zimeshanunuliwa, ni Ijumaa ya wiki ijayo. Ndege asubuhi kutoka Gatwick, kisha basi mwendo wa saa mbili, kisha teksi, kurudi Jumatatu. Nimekodi chumba cha vitanda viwili katika jengo lililokuwa skuli ya watoto wa wachimba migodi. Tumechagua wikendi hiyo kwa sababu wasanii hufungua milango watu wakaingia kuona kazi zao, na marafiki wameniambia watavipanga vyungu vya Msabaha juu ya meza, mama hilo halijui. Yeye ameshonesha kanzu ya mjukuu wake, amepika halua, amenunua soksi nene kwa kuwa alisikia jangwani usiku kuna baridi, sanduku liko mlangoni. Nami nakaa naye tunapanga, nani alale upande wa dirisha, tukauone ule mgodi lini, atakiweza kilima? Napanga kweli, kama mtu anayekwenda kumwona mwanawe.

Dada anataka niseme ndege imefutwa. Mimi moyo unanituma twende, nikamwambie huko huko, mbele ya kaburi, angalau awe karibu naye. Nakuomba, nifanye nini?

Ummukulthum, Lewisham


Ummukulthum mdogo wangu,

Pole. Pole sana kwa kufiwa na Msabaha. Nalitaja jina lake makusudi, maana nadhani hakuna aliyekupa pole kwa sauti tangu Januari. Umemzika mtoto wako wa pekee katikati ya watu usiowajua, ukarudi kuwaogesha wazee wa watu, ukifika nyumbani unatabasamu. Dada yako na wote waliojua walipaswa kuja kukaa na wewe, na nawashangaa.

Haya, sasa nakugombeza, umeomba mwenyewe.

Hebu niambie, daktari gani alisema moyo wa mama hautahimili? Nimeisoma barua yako mara tatu, simwoni daktari humo, namwona dada tu. Kumficha mgonjwa mpaka atoke chumba cha upasuaji, sawa. Nilikuwa muuguzi miaka thelathini na moja, hayo nimeyaona. Lakini mama amepona, anapika halua, anatembea madukani kununua soksi, na bado mnasema mnamwonea huruma? Mnaogopa nyinyi. Mwogope Mungu, Ummukulthum, umemwalika mama yako kwa marehemu!

Na zile meseji, nitakwambia kwa nini zimenikosesha usingizi. Mwaka 1979 nilikuwa msichana hapa Landani nasomea uuguzi, baba yangu akafa Songea. Nyumbani wakakubaliana nisiambiwe, nisije nikaacha masomo. Baba hakujua kuandika, barua zake zote alikuwa akimsemea kaka yangu Zephaniah, naye ndiye anaandika. Basi kaka akaendelea kuandika. "Baba anakusalimu. Baba anashukuru kwa sweta, linamkaa vizuri." Mwaka mmoja na miezi minne! Nikaenda likizo nimebeba mkononi koti nililomnunulia baba, na shangazi aliponiona nashuka kwenye basi na lile koti akaanguka chini akapiga ukunga. Hivyo ndivyo nilivyojua.

Kifo cha baba nilikikubali, watu wanakufa. Kilichonishinda ni zile barua. Nilizirudia moja moja nikitafuta ni ipi ilikuwa ya mwisho aliyoisema baba kwa mdomo wake, nikamuuliza kaka, akasema kwa kweli hakumbuki. Ninazo kumi na nne ndani ya droo. Mpaka leo nikizisoma sijui ninayeongea naye ni baba au ni Zephaniah. Na kaka nilimpenda, lakini hatukuwahi kurudi kuwa kama zamani.

Kwa hiyo kaburini, hapana. Futa kabisa wazo hilo. Unataka kumtembeza mwanamke wa miaka sabini na sita, na mshono kifuani, ndege na basi na teksi, kanzu mpya mapajani, anachekacheka njia nzima, halafu umwangushie habari hiyo kwenye mawe na vumbi ambako hamjui hata mtu mmoja? Ataanguka nani amdake? Na ndege kufutwa pia hapana. Ikifutwa hii atakata nyingine. Dada yako alishatoa ushauri wake Januari, unatosha.

Mwambie hapa Lewisham, Jumapili hii, baada ya chai ya asubuhi. Kesho piga simu kliniki ya moyo, waeleze ukweli wote, waulize dawa gani iwe karibu na ukiona dalili gani uite gari la wagonjwa. Dada apande treni aje, asiseme ana kazi. Ongea na shehe wenu na wanawake watatu wanne wa msikitini, wawe jikoni kabla hujafungua mdomo, ili mama akipiga kelele nyumba iwe na watu. Omba ruhusa kazini wiki nzima. Kisha keti chini, mshike mikono, sema: "Mama, Msabaha amefariki. Alifariki Januari. Nilimzika mimi." Usianze na ajali, usianze na hospitali, usimzungushe. Na kabla jua halijatua siku hiyo hiyo, mwambie na habari za meseji. Anaweza kukupiga kofi. Anaweza kukaa mwezi hasemi na wewe. Kubali, na usimwambie ulifanya hivyo kwa ajili yake, maana umeniandikia mwenyewe ulikuwa unafanya kwa ajili ya nani. Halafu nyumba ikae msiba, hitima isomwe, na wewe ulie, maana na wewe hujalia.

Tiketi usizirudishe. Muulize mama akiwa ametulia. Akitaka kwenda kumzuru mjukuu wake, mpeleke, akiwa anajua anakwenda wapi. Asipotaka, nenda peke yako ukae na vyungu vya mwanao.

Limebaki moja, nalo ulifanye Jumamosi, kabla ya lolote. Kaa na ile simu, rudi nyuma mpaka Januari, tafuta neno la mwisho ambalo Msabaha mwenyewe alimwandikia bibi yake. Hata kama ni "sawa" tu, hata kama alikuwa anauliza habari ya hospitali. Linakili kwenye karatasi pamoja na tarehe yake, umpe mama mkononi, umwambie hili ni lake, yaliyofuata yote ni yangu. Usimwache akae na miwani yake analitafuta.

Mama Winifrida