Nilipopanda Ndege kwa Mara ya Kwanza

Jumanne jioni. Joto la Kariakoo halijapoa, na mwenye spika pale chini bado anatangaza viatu vya jumla. Nimeoga mara mbili, nimelala, nimeamka. Mwili hautulii.

Leo nimepanda ndege.

Kwa msomaji mgeni: nafanya kazi uwanja wa ndege, lakini chini. Mimi ndiye mwenye kizibao cha njano ninayehakikisha mizigo imepakiwa, abiria wameingia, mlango umefungwa kwa wakati. Miaka yote hiyo sijawahi kuruka. Safari hii kampuni imetuwekea mafunzo: sisi wa ardhini tunapandishwa, mmoja mmoja, tuone wenzetu wa angani wanavyofanya kazi. Zamu yangu ikawa Mwanza, kwenda na kurudi.

Kwenda nilifumba macho. Kabisa. Mkuu wa wahudumu, dada Neema, alinipitia na maji, akacheka.

Mwanza tulikuwa tunakaribia kufunga mlango turudi Dar pale mzee mmoja alipoinuka kitini, akasema anashuka. Binti yake, Pendo, alikuwa anamvuta shati huku analia. Mzee alitakiwa kupasuliwa moyo kesho, hospitali kubwa ya Upanga. Nafasi hiyo walikuwa wameisubiri tangu mwaka jana.

Mwenzangu wa ardhini akapanda ngazi, redio mkononi. "Dada Neema, kama anashuka ashuke sasa. Begi lake nalo lazima lishuke, na lipo chini kabisa, tutachelewa."

Alikuwa anafanya kazi yake. Hayo ni maneno yangu, nayasema kila siku, tena kwa sauti ile ile. Sikuwahi kuyasikia nikiwa ndani.

Neema akamwomba dakika chache. Mimi nikajikuta nimeshainuka, hata sijui nani kanituma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, nishushe. Nikifia huko juu utanizika wapi?"

"Baba, hata mimi naogopa. Asubuhi nimekuja nimefumba macho."

Akakitazama kizibao changu. "Wewe si wa hapa hapa uwanjani?"

"Wa uwanja wa Dar. Lakini sijawahi kupanda mpaka leo."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akakaa, akapiga piga kiti cha pembeni. "Basi njoo ukae hapa. Tukifa, tufe wawili."

Pendo akahamia kiti cha nyuma. Mlango ukafungwa, tumechelewa, na kwa mara ya kwanza kuchelewa hakukunichoma.

Ndege ilipoanza kukimbia mzee alinishika mkono kwa nguvu ya mtu anayechimba. Ana viganja vya mkulima. Alinisimulia mihogo yake, mbuzi wake, marehemu mkewe, nami nikamtazama yeye tu, dirisha nikalisahau. Kila ndege ilipotikisika alikatisha, halafu akaendelea pale pale alipoachia.

Dar nilimshusha mwenyewe kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye teksi, Pendo akachukua namba yangu. Hakusema asante. Alisema, "Na wewe usiogope tena."

Saa moja iliyopita Pendo kanitumia ujumbe: mzee kalazwa, kala uji, anauliza yule binti wa njano kafika kwao salama.

Nimeusoma mara nyingi mno.

Mkufunzi anataka kesho nisimame mbele ya darasa nieleze nilichojifunza. Nijibu nini? Kwamba ndege isichelewe? Kwamba ichelewe? Kesho hiyo hiyo nitavaa kizibao na kusimama mlangoni, na watu wataniangalia nitoe amri. Nadhani nitaanza kwa kuuliza abiria ana nini, kabla ya kuuliza begi lake liko wapi. Wakinikemea, wanikemee.

Mama kaingia sasa hivi kutoka dukani, hata mtandio hajavua. Kawaambia wauza vitenge wote kwamba mwanawe karuka.

"Enhe, ziwa likoje ukiwa juu?"

"Sijui, mama. Sikuliona."




Anadhani namtania.