Mizani Iliyokataa Nyayo za Kabula

Kasoli, Jumamosi. Mvua imekatika asubuhi, jua limetoka kali, na mimi nimenuna tangu wakati wa chai.

Namwonea wivu mdogo wangu, Kabula. Basi, nimeandika.

Shangazi anaolewa mwezi ujao na amemchagua Kabula awe mpambe wake. Alituangalia wote wawili, akaniuliza, "Wewe Minza, huko bweni walikuwa wanakunyima ugali?" Kisha akamsifu Kabula kwamba ana mwili, gauni litamkaa. Mkubwa ni mimi. Niliitaka sana nafasi ile.

Tangu siku hiyo napima tu nani kati yetu ana mwili zaidi. Kwa futi ya kushonea ya mama, Kabula kanizidi kiuno na mapaja. Kwa vidole, nikibana nyama ya nyuma ya mkono, yangu inashikika laini. Yake ngumu, haibaniki. Futi inasema hivi, vidole vinasema vile.

Leo tumeenda duka la dawa Bariadi mjini, kwenye mizani ya umeme inayosoma mafuta ya mwilini. Unapanda peku, umeme kidogo unapita nyayoni. Mimi ilinisoma mara moja. Kabula alipopanda ikaandika kosa. Akarudia, kosa. Dada muuzaji akainama, akamwinua mguu, akasema ngozi imekauka na kuwa ngumu mno, umeme haupiti. Akazifuta nyayo kwa kitambaa kibichi.

Ndipo ikasoma. Mwenye mafuta mengi ni mimi. Ule mwili wa Kabula ni misuli.

"Dada, kumbe mnene ni wewe," akasema, akacheka njia nzima.

Nimeshinda. Sijafurahi.

Bado naziona zile nyayo. Miaka yote niliyokaa bweni na soksi nyeupe, yeye alikuwa peku kwenye shamba la pamba, kwa sababu baba alisema asome mmoja kwanza. Mapaja ninayoyatamani ameyapata kwa jembe.

Wivu haujaisha, siwezi kudanganya. Lile gauni bado nalitaka.

Jioni hii nimechemsha maji, nimemkanda magaga yake, nikampaka mafuta ya mgando ili viatu vya harusi visimuumize. Ameniuliza kama naumwa.

Palizi inaendelea Jumatatu. Nitalichukua jembe lake, yeye apumzike. Sijui nitafika mstari wa ngapi.