Manowari Iliyozama Igamba

Mjukuu wangu Neema,

Salamu nyingi kutoka Ihanda. Sisi ni wazima, kahawa imeanza kuiva, na mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kwa nini wazee wenzangu huniita Kapteni. Nilipokuwa kijana, fundi redio pale Tunduma, niliunda manowari ya bati, ndefu kuliko kitanda, ya kuendeshwa kwa rimoti. Siku ya kuijaribu nilialika kanisa zima bwawani Igamba. Ilikwenda vizuri mpaka nilipoikatisha kona. Mizinga niliyoirundika juu kwa urembo iliielemea, ikapinduka na kuzama. Watu walicheka hadi wakakaa chini.

"Kapteni, okoa mabaharia!" mmoja wao akapaza sauti.

Nilisimama na rimoti mkononi, natamani ardhi inimeze. Baba yangu, ambaye tangu mwanzo aliiita kazi ile upuuzi, alivua viatu, akaingia majini na suti yake ya ibada.

"Utaangalia tu?" akaniuliza. "Njoo ushike upande wa pili, tuipeleke nyumbani."

Tulipita nayo katikati ya vicheko, mimi macho chini, yeye akimsalimu kila mtu kwa jina.

Ni mimi babu yako, ninayekuombea huko uliko.