Mwanangu ana lugha nne, wamemweka chumba cha wasiojua kusema

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi ipokee hivyo hivyo maana sina nafasi ya kuirudisha, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ndiyo wanakuja.

Mimi ni mpiga pasi katika dobi kubwa linalofua mashuka ya hoteli na makoti ya madaktari, na kama umewahi kulazwa ukamwona daktari amenyooka kama rula basi kazi hiyo ni yangu, lakini sikuandika nijisifu, nimeandika kwa ajili ya binti yangu. Nyumbani tunamwita Chiriku kwa kuwa hafungi mdomo. Tulipofika nchi hii alikuwa mgongoni kwangu hajaota jino, kwa hiyo meno na lugha ya hapa viliota pamoja, na juu ya hiyo anajua lugha yangu, anajua ya baba yake, na anajua ya majirani wa ghorofa ya chini ambayo mimi mpaka leo naambulia salamu tu. Hesabu ndiyo usiseme. Watoto wa darasa la mtihani wanakuja kwetu jioni awaeleweshe, wanajaa sebuleni mpaka baba yake anakula amesimama.

Sasa mwaka huu tumehama mtaa, nikampeleka shule mpya, nimempigia sare yake pasi mpaka ule mkunjo wa sketi ungeweza kukata mkate, na karani wa shule akaniuliza, "Nyumbani mnaongea lugha gani?" Mshauri, mimi nikaona hapa ndipo pa kujitoa kimasomaso, nikamwambia, "Wewe unataka ipi? Tunazo nne." Karani hakumtazama mtoto, wala hakumwuliza hata jina lake, akasema, "Basi, chumba cha mwisho, baada ya stoo ya mipira." Nikamshukuru. Nikaenda kazini nikatangaza kwamba mwanangu wamemtengea chumba chake maalumu, nikawanunulia wenzangu soda.

Wiki ile ile Chiriku akarudi, akavua viatu, akasema, "Mama, leo tumesoma chungwa."

"Chungwa la hesabu?"

"Chungwa tu, mama. Jana ilikuwa ndizi. Tukimaliza tunalipaka rangi."

Nikaomba ruhusa kazini nikaenda kuchungulia. Ndani namwona mtoto wa dereva wa gari la taka, watoto pacha wa mama mmoja msusi, wa mpishi wa kantini, wote watoto wa watu waliokuja kama sisi, na chumba kinanuka raba. Nikamwambia mwalimu wao, huyu wangu anaijua lugha ya hapa kuliko anavyonijua mimi. Akanishika bega, akaniambia kwa upole, "Mama, tunamsaidia. Mtoto wa nyumba yenye lugha nyingi huchanganyikiwa." Nikamwuliza, na yule mtoto wa mhandisi je, ambaye wazazi wake nao wamekuja juzi, tena yeye lugha ya hapa anaomba maji kwa vidole, mbona yuko darasa la mtihani na amewekewa mwalimu wa kukaa naye? Akasema, "Aa, yule ni tofauti, yule ana kipaji cha lugha." Ndipo nikaelewa kwamba yule ni mgeni na wangu ni mhamiaji.

Chumba kile mshauri hakina mtihani wa kuingia sekondari. Wakimaliza wanapelekwa moja kwa moja mafunzo ya kazi za ndani, kufua na kupiga pasi, na pasi mwanangu anaijua, nimemfundisha mwenyewe bila kujengewa shule.

Nikakataa kutoka mlangoni, mwisho yule mwalimu akaniambia kuna njia. Kama nyumbani tunaongea lugha ya hapa peke yake, atafikiriwa upya, ila lazima mtu wa shule aje akae nasi atusikie. Hiyo ndiyo Jumamosi. Na mimi ninaishi na mama yangu mzazi, ambaye hajui neno la hapa, ana visa vya kukufanya uweke kijiko chini ucheke kwanza, na akianza hanyamazi, mdomo ule mtoto hakuuokota njiani. Nimepanga mama akashinde kwa mke wa mlinzi, ghorofa ya juu. Baba Chiriku, ambaye ni fundi bomba na maneno yake ni ya kuhesabu, yeye anasema, "Akae tu, ila mgeni aambiwe mama anaumwa koo."

Tulikuwa tunayapanga haya jikoni tukidhani mtoto amelala kwenye kochi. Akaja akasimama mlangoni. "Kwa hiyo mama, bibi ndiye kosa?"

Nikamwambia nenda ukalale. Tangu hapo lugha ya kwetu haitoi mdomoni. Bibi yake akimsemesha anajibu kwa lugha ya hapa, kwa adabu kabisa, bibi haelewi, anatabasamu, kisha ananiuliza mimi pembeni, "Nimemkosea nini mjukuu wangu?" Nami nasingizia kwamba ana masomo mengi.

Nikimficha mama yangu nimemkana. Nisipomficha, mwanangu anapaka chungwa rangi. Nifanyeje?

Mama Chiriku, mpiga pasi wa kutumainiwa (ulizia dobini)

*

Mama Chiriku, marahaba. Nimekuzidi, tena kwa mengi.

Pole. Hilo nimelisema kwa moyo wote, sasa kaa nikwambie. Uliulizwa swali dogo ukajibu kwa tarumbeta. Kizuri chajiuza, mama. Ungemwachia mtoto nafasi ya kumwamkia tu yule karani, pengine soda zile zingekuwa za haki. Lakini usijitwike kosa lote, maana majivuno si sababu ya kumnyima mtu shule. Karani aliyempangia mtoto chumba bila kumwuliza jina ndiye wa kuulizwa, na mwalimu anayeona lugha ya ugenini kwa mtoto wa mhandisi ni kipaji na kwa wako ni ugonjwa naye aulizwe pia.

Kwa hiyo kesho nenda kwa mwalimu mkuu. Si kwa huyo mshika bega. Usiende peke yako: mchukue msusi, mchukue dereva, mchukue mpishi. Najua unatamani kwenda kumsifia Chiriku. Usimsifie. Akitoka yeye peke yake, wenzake watabaki na lile chungwa, na mwakani litamngoja mtoto mwingine. Ulizeni jambo moja tu: mtoto wa mhandisi alipimwa kwa kitu gani, na hawa wetu walipimwa kwa kitu gani? Mkishauliza, nyamazeni. Najua kwako hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizokupa. Mwombeni kila mtoto wa chumba kile akalishwe apewe jaribio lile lile la darasa la mtihani, asahihishiwe mbele yenu. Atakayeshindwa asaidiwe, lakini huku anasoma hesabu na wenzake. Mkuu akikataa, nendeni ofisi ya elimu, wote, na mvae nguo ulizozipiga pasi wewe.

Sasa nyumbani. Leo hii, kabla hujafika kwa mkuu yeyote, mwambie binti yako kwamba bibi yake si kosa. Mwambie kwa lugha ya bibi, bibi akiwepo anasikia. Ulimtuma mtoto kulala akiwa na swali, akaenda kulijibu peke yake, na jibu alilopata unaliona. Na mumeo mwambie koo la mama mkwe ni zima.

Mke wa mlinzi hana mgeni Jumamosi. Mama yako mkalishe kiti cha mbele, mkabala na huyo mtu wa shule. Mtu wa shule haijui lugha ya mama yako, mama yako haijui ya mtu wa shule. Chiriku akae katikati yao. Mama yako mwombe asimulie kisa chake kimoja, kile kinachowafanya mweke vijiko chini. Wewe nenda jikoni ukachemshe chai, na ubaki huko huko.

Mgeni akicheka, mtihani umekwisha. Na akikuuliza binti ana lugha ngapi, mmiminie chai umwambie ahesabu mwenyewe.